Sifuri Hukamatwa, Meta 300 Hupita

Mkaguzi wa data za ramani kwa kawaida huanza na makosa yanayojitangaza yenyewe. Orodha ya vituo vya kuchotea maji nchini Tanzania, iliyotoka Wizara ya Maji na kuwekwa hadharani kwa mashindano ya wachambuzi wa data, ina rekodi 59,400 katika sehemu yake ya mafunzo. Rekodi 1,812 zina longitudo sifuri na latitudo inayokaribia sifuri, hivyo visima vya Mwanza na Shinyanga vinaangukia baharini, Ghuba ya Guinea. Wengi wakishazifuta hizo hukunja jamvi.

Mimi ningeendelea hadi Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe. Hapo kikwazo cha kwanza ni jina: shamba linaitwa Ngombezi, kata katika Halmashauri ya Mji wa Korogwe inaandikwa Mgombezi. Ukiunganisha majedwali mawili kwa jina, herufi moja inatosha kuiacha kata nzima tupu, na programu haitalalamika. Tumia msimbo wa kata.

Kisha mwinuko. Rekodi 20,438 za orodha ile zina mwinuko sifuri. Ufukweni Tanga mtu anaweza kuikubali namba hiyo. Korogwe, iliyo karibu meta 300 juu ya usawa wa bahari, sifuri maana yake hakuna aliyepima.

Lakini kosa ninaloliogopa zaidi halina sifuri. Ramani za zamani za Tanzania za 1:50,000 zimejengwa juu ya datamu (msingi wa kupimia majiranukta) ya Arc 1960, ilhali GPS ya mkononi hutoa WGS 84. Korogwe iko kanda ya UTM 37 Kusini katika mifumo yote miwili, na namba za majiranukta zinafanana kwa sura. Mtu akichukua majiranukta ya ramani ya zamani akayaingiza kwa msimbo wa mfumo wa majiranukta 32737 (WGS 84) badala ya 21037 (Arc 1960), kila nukta inaruka karibu meta 300 kwenda kaskazini na kama meta 90 magharibi. Kisima cha kambi ya wafanyakazi wa shamba kinaonekana katikati ya mkonge. Jaribio la kuangalia kama nukta imo ndani ya mpaka wa kata, ambalo ndilo linalopendwa, litaipitisha bila shida, maana kata ni pana kuliko kosa lenyewe.

Dawa imo ndani ya data zenyewe. Katika orodha ile vituo 1,748 vimepewa jina "Shuleni", 830 "Zahanati", 535 "Msikitini". Waliojaza fomu pengine waliona uvivu kutafuta jina, ila wametuachia alama za kupimia bila gharama. Ukiwa na orodha ya aina hiyo, fungua picha ya setilaiti kwenye programu ya ramani ya QGIS, tafuta paa la shule, pima umbali na mwelekeo hadi kwenye nukta, kisha rudia kwa zahanati na misikiti. Tofauti zikitawanyika kila upande, shaka iende kwa GPS au kwa mwandikaji. Zikielekea upande mmoja kwa umbali uleule, kosa ni la datamu: rekebisha msimbo wa tabaka zima, wala usizikokote nukta mojamoja kwa mkono, kwa sababu ukishafanya hivyo atakayekuja baadaye hataweza tena kujua zilitoka wapi.