Kuanguka kwa Nyota katika Filamu za Nyuma ya Pazia

Wahakiki wengi huzibeza filamu za muziki zisimuliazo visa vya nyuma ya pazia, kisha huzitazama kwa siri hadi mwisho. Haya yao hudaiwa kutokana na chuku: mavazi yamemetayo kupita kiasi, vilio, majivuno. Dai hili ni dhaifu. Hadhira ya ngano hufurahia chuku hadharani, wala haioni haya.

Chanzo ni kisa chenyewe. Katika 42nd Street (1933), ambayo dansi zake zilibuniwa na Busby Berkeley, Dorothy Brock aumia kifundo cha mguu usiku wa kuamkia onyesho la kwanza. Peggy Sawyer, mcheza dansi asiyejulikana, ashika nafasi yake. Kwa kuwa ni ajali, na Dorothy mwenyewe amtakia heri, mtazamaji hushangilia bila hatia. Lakini shangwe hiyo yahitaji Dorothy aumie.

Showgirls (1995) ya Paul Verhoeven yaiondoa ajali. Huko Las Vegas, Nomi Malone amsukuma Cristal Connors ngazini, kisha aichukua nafasi yake. Filamu hii ilichekwa mno; ilipopewa tuzo ya kejeli ya Razzie, Verhoeven alikwenda mwenyewe kuipokea. Uigizaji wake, ni kweli, wakaribia ugomvi wa sokoni. Hata hivyo, yasema waziwazi yale yaliyofichwa na mtangulizi wake. Cristal, akiwa kitandani hospitalini, hamlaumu Nomi. Amdokezea kwamba naye alipanda kwa njia iyo hiyo.