Namba Iliyomo Kwenye Bao

Katika misitu ya miombo ya Katavi huota mninga, mti mgumu unaofaa kuchongwa ubao wa bao. Ubao wa bao la kiswahili una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Mchezaji hodari, kabla hajagusa kete, keshajua ya mwisho itaangukia shimo gani. Ukitaka kuonja upana wa uwanja anaoucheza, jiulize: kete hizo 64 zaweza kugawanywa katika mashimo 32 kwa njia ngapi, hata kama mashimo mengine yatabaki matupu? Sheria za mchezo huzuia baadhi ya migao hiyo. Sisi tuihesabu yote.

Panga kete zote katika mstari mmoja, kisha chomeka vijiti 31 vya kutenganisha shimo na shimo. Nafasi zote ni 95, na kila namna ya kuchagua nafasi 31 za vijiti ni mgao mmoja. Basi zidisha namba zote kuanzia 65 hadi 95, halafu gawanya kwa zao la namba zote kuanzia 1 hadi 31. Jibu ni hili:

9,900,582,591,005,555,469,968,805

Ni tarakimu 25. Mtu angepanga mgao mmoja kila sekunde tangu ulimwengu uanze, miaka ipatayo bilioni 13.8 iliyopita, leo asingekuwa amefikia hata sehemu moja ya milioni ishirini ya kazi hiyo.

Namba kubwa hivi kwa kawaida ni ngumu kuifumua. Lakini fundi wa hesabu huijua hii ndani na nje kabla hajaiandika. Hazidishi chochote. Anachukua namba tasa moja moja na kuhesabu imo mara ngapi juu, katika namba za 65 hadi 95, na mara ngapi chini, katika namba za 1 hadi 31.

Aanze na 7. Juu imo katika 70, 77, 84 na 91: mara nne. Chini imo katika 7, 14, 21 na 28: mara nne. Zinafutana, 7 inatoka. Aje kwenye 19: juu imo katika 76 na 95, chini imo katika 19 yenyewe tu. Inabaki moja. Kisha 2, ambayo ndiyo ya kustaajabisha. Mashimo 32 na kete 64 zote ni zao la mbili tupu, kwa hiyo ungetarajia jibu lijae mbili. Hesabu kwa utulivu: juu zimo 26, chini zimo 26. Haibaki hata moja. Namba hii ni witiri.

Akimaliza, mkononi ana namba tasa 17: 3, 5, 11, 13, 17, 19, 23, 37, 41, 43, 47, 67, 71, 73, 79, 83 na 89. Hakuna iliyojirudia. Ukizizidisha zote unapata namba ile ile, bila kupungua wala kuzidi. Na kwa kuwa kila moja kati ya hizo 17 ama imo katika kigawo ama haimo, idadi ya vigawo vyake vyote ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara 17, yaani 131,072. Mbili iliyofutwa ndani ya namba ndiyo inayohesabu vigawo vyake.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba haidai kompyuta. Inadai namba tasa, jedwali la kuzidisha na subira, vitu ambavyo mwanafunzi anayetafuta kigawo kikubwa cha shirika (KKS) na kigawe kidogo cha shirika (KDS) tayari anavyo. Walimu wa hisabati wa Mpanda, huko huko Katavi, wekeni ubao wa bao mbele ya darasa, wapeni wanafunzi daftari na kipindi kizima, na msiwape jibu. Waacheni walifikie wenyewe.