Deyr ya Banissa Huamuliwa Agosti

Mvua za vuli, ambazo watu wa kaskazini mashariki mwa Kenya huziita deyr, hufika Banissa mwanzoni mwa Oktoba, na Novemba ikiisha huwa zimeshaaga. Hazinyeshi kidogo kidogo kila siku. Huja kwa dhoruba chache kubwa, kila moja ikimwaga maji kwa saa mbili tatu, kisha jua linarudi. Kaunti nzima ya Mandera hupata wastani wa milimita 255 hivi kwa mwaka, zikigawanywa kati ya gu ya Machi hadi Mei na deyr hii. Banissa iko upande wa magharibi, ambako ardhi inainuka na mvua ni afadhali kuliko mji wa Mandera. Ndiyo maana zipo familia zinazochanganya mifugo na shamba dogo la kunde, mtama au mahindi.

Kwa familia ya namna hiyo, msimu unaosimama juu ya dhoruba chache hauachi nafasi ya kujifunga kibwebwe mvua ikishaanza. Kazi yenye maana hufanyika katika hagaa, miezi mikavu ya Juni hadi Septemba. Mpangilio wa kazi hizo una hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo tunayoichambua hapa.

Saa ya kuanzia

Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo haiwezi kumwambia mkulima lini apande. Wasomali walitatua hilo kwa kuwa na mwaka wa jua unaofunguliwa na dabshid, sikukuu yao ya mwaka mpya, wakati wa hagaa, na wajuzi wao huhesabu siku kutoka hapo. Waswahili walifanya vivyo hivyo kwa Nairuzi, ile inayosherehekewa Makunduchi kila Julai kama Mwaka Kogwa, na wakahesabu siku kumi kumi kwa miongo.

Siku hizi kuna saa ya pili. Kila Agosti, ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, hutoa mwelekeo wa mvua za Oktoba hadi Desemba, kisha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huushusha hadi ngazi ya kaunti. Utabiri wa deyr una uzito zaidi kuliko ule wa gu, kwa sababu mvua hizi hufuata kwa karibu joto la bahari. Magharibi ya Bahari ya Hindi ikipata joto kupita kawaida na mashariki yake ikapoa, mvua huwa nyingi, kama ilivyokuwa 2019 na 2023. La Niña, ile hali ya maji ya Pasifiki ya ikweta kupoa, ikitawala, mvua hukatika. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ilishindwa mfululizo, na mitatu kati yake ilikuwa deyr.

Kutoka tangazo la mwisho wa Agosti hadi dhoruba ya kwanza kuna wiki sita hivi. Swali ni kazi gani itangulie.

Kwanza silanga

Tuchukue silanga, yaani bwawa la kuchimbwa la kukusanya maji ya mvua, la mita 20 kwa 20, lenye kina cha mita 2 na kuta zilizosimama wima ili hesabu iwe nyepesi. Likijaa lina lita 800,000. Katika joto la huku, uso wa maji hupoteza zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwa mvuke, yaani milimita 5 na nusu hivi kwa siku. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi gu inapokolea mwanzoni mwa Aprili ni siku 120, na katika muda huo jua hunywa sentimita 66. Kinachobaki kwa watu na mifugo ni mita 1.34, sawa na lita 536,000.

Sasa tope likijaa hadi nusu, kina kikabaki mita 1. Wengi wangesema maji yamepungua kwa nusu. Sivyo, kwa maana jua halipunguzi mgao wake. Litachukua sentimita 66 zile zile, na kilichobaki ni sentimita 34 tu, yaani lita 136,000. Nusu ya kina imepotea, lakini maji ya kutumia yamepungua kwa robo tatu. Mbuzi mmoja akinywa lita 5 kwa siku, silanga safi lingewavusha hadi mwisho wa jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, mbuzi karibu 890. Lile lenye tope haliwafikishi hata 230. Na hapo hatujahesabu maji yanayozama ardhini.

Kwa hiyo kufukua silanga hutangulia kazi nyingine zote. Hufanyika kwa sururu, beleshi na karai, na hufanyika silanga likiwa kavu. Mtu mmoja akitoa mita 2 za ujazo kwa siku, mita moja ya tope katika silanga hili inahitaji siku 200 za mtu mmoja. Watu sita wanaimaliza kwa siku 33 au 34, ambazo zinaingia ndani ya zile wiki sita bila nafasi ya kupoteza.

Berkedi, lile tangi la saruji lililochimbwa ardhini, hufuata kanuni hiyo hiyo. Faida yake ni kwamba linaweza kufunikwa kwa matawi au mabati, na mgao wa jua ukapungua. Udhaifu wake ni mlangoni: shimo la kunasia mchanga lisiposafishwa kabla ya Oktoba, dhoruba ya kwanza husukuma mchanga wote ndani.

Kisha shamba

Deyr ya milimita 120 haitoshi mahindi, na hata kunde zitateseka. Ila maji yanaweza kuongezwa kwa kuyaazima kutoka ardhi ya jirani. Makinga maji ya nusu duara, yanayochimbwa yakitazama mlima, hufanya kazi hiyo. Kila mita moja ya mraba iliyopandwa ikiachiwa mita tatu za ardhi tupu juu yake, na theluthi hivi ya mvua ya hapo, tuseme asilimia 30, ikatiririka, mmea hupata milimita 120 zake pamoja na 108 za kuazima. Jumla ni 228. Kunde na ndengu, zinazokomaa kwa miezi miwili hadi mitatu, zinaweza kuishi kwa kiasi hicho. Mahindi, hata yale ya Katumani yaliyozalishwa kwa ajili ya ukame wa Machakos, bado yatakuwa kamari.

Bei ya mbinu hii ni ardhi: ekari moja humwachia mkulima robo ekari ya mazao. Panapo ardhi tele na uhaba wa maji, hiyo ni biashara nzuri. Lakini makinga maji yanayochimbwa baada ya dhoruba ya kwanza yamekosa dhoruba moja kati ya chache, na udongo wake haujashikana.

Ua wa miiba huja mara tu baada ya hapo. Mgunga hukatwa na kuzungushwa kabla ya mbegu, maana ngamia wa jirani hasubiri kunde zikomae. Mbegu yenyewe hugawanywa. Sehemu hupandwa kwenye vumbi siku chache kabla ya mvua, ili ifaidi tone la kwanza. Sehemu huwekwa hadi ardhi ilowe vizuri, kwani mvua ya kwanza ikifuatiwa na majuma mawili ya jua, miche yote ya mwanzo hufa.

Beberu naye ana tarehe

Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi. Beberu akipandishwa mwanzoni mwa Novemba, majani ya deyr yakiwa yamemrudishia mbuzi jike nguvu, vitoto huzaliwa mwanzoni mwa Aprili, gu ikichipua malisho mengine. Akiachwa huru Agosti, vitoto huangukia Januari, mama hana maziwa na jilaal ndiyo kwanza inaanza. Kumtenga beberu katika hagaa hakugharimu shilingi, na ni miongoni mwa kazi za msimu zenye faida kubwa kuliko jasho lake.

Utabiri hubadilisha orodha hii. Ukisema mvua kubwa, njia ya kumwagia maji ya ziada kwenye silanga huimarishwa kwa mawe, zizi huhamishwa mbali na laga (mkondo wa maji wa msimu), na chanjo ya homa ya Bonde la Ufa hutafutwa mapema. Mlipuko wa 1997 hadi 1998 na ule wa 2006 hadi 2007 ulioikumba Garissa ulifuata mvua za namna hiyo. Deyr nzuri ina wageni wengine pia: nzige wa jangwani waliingia Kenya kupitia Mandera Desemba 2019, malisho yakiwa yamestawi. Utabiri ukisema ukame, shamba hupunguzwa na madume ya ziada huuzwa Septemba yangali na mwili, kabla soko halijafurika mifupa.

Panapovunjika

Mpango huu una ufa mmoja mkubwa. Silanga hufukuliwa likiwa kavu, lakini likikauka vijana wenye nguvu huondoka na ngamia kwenda fora, malisho ya mbali na nyumbani. Wanaobaki ni wazee, watoto na akina mama, ambao wakati huo huo wanakarabati herio, nyumba zao za kuhamishika, kwa mikeka mipya na kutafuta maji ya kila siku. Nguvu kazi hukosekana pale pale kazi inapowezekana. Tope halibaki kwa uvivu wala kwa kutojua.

Hapo ndipo fedha za umma zingekuwa na athari kubwa. Malipo ya vibarua vya kufukua silanga yakitolewa Agosti na Septemba, yanawapa baadhi ya vijana sababu ya kubaki. Yakitolewa Oktoba, yanakuta maji. Mbegu vivyo hivyo: ikifika Novemba haina tena mvua ya kutosha kuikomaza, na familia yenye njaa itaipika, na itakuwa imefanya busara.

Kipimo cha maandalizi kiwe basi kina cha silanga mwisho wa Septemba. Nusu mita ya tope ikitolewa katika silanga la mfano wetu na mvua ikalijaza, lita 200,000 zinaongezeka, na zote ni za kunywa, kwa sababu mgao wa jua umeshalipwa na maji ya juu.