Ngazi ya Walker: Fani na Maudhui katika Filamu za Bill Robinson

Wahakiki wa filamu za Marekani wamegawanyika kuhusu Bill Robinson, mchezaji dansi Mweusi aliyejulikana kwa lakabu ya Bojangles. Wapo wanaomtukuza kuwa bingwa wa dansi ya kugonga sakafu kwa viatu. Wapo pia wanaomlaumu kwa kuigiza Mweusi aliyeridhika na utumwa. Makala haya yanadai kwamba kambi zote mbili zimetenganisha kisichotenganika, yaani fani na maudhui.

Robinson alizaliwa mjini Richmond, Virginia, mwaka 1878, akafiwa na wazazi angali mtoto, akalelewa na nyanyake. Alikuwa na umri wa takriban miaka 50 alipovuma Broadway katika Blackbirds of 1928. Hollywood ilipomwita ilimvika sare ya mtumishi. Katika The Little Colonel (1935) yeye ni Walker, anayembembeleza mtoto, Shirley Temple, akubali kupanda kwenda kulala, kwa kumchezea dansi ngazini.

Kimaudhui, tukio hilo ni finyu: mtumishi anamliwaza mjukuu wa bwana wake. Kifani, mambo ni kinyume. Robinson anacheza kwa ncha za miguu, kiwiliwili kimetulia, na kila kidato kinatoa mlio wake. Anayeishi kwa kuamriwa ndiye sasa anayeamua mwendo, na mtoto wa ukoo wa mabwana anafuata nyayo zake. Aidha, anamshika mkono. Jambo hilo halikuwa dogo katika nchi ambayo majimbo yake ya Kusini yaliwatenga watu wa rangi mbalimbali kwa sheria.

Hata hivyo, isidaiwe kwamba miguu ilifuta uonevu wa hadithi. Katika The Littlest Rebel, ya mwaka huo huo, Robinson ni mtumwa anayecheza barabarani ili kuchanga nauli ya kwenda kumwombea bwana wake msamaha asiuawe. Hapa ufundi wenyewe umetiwa katika utumishi wa uongo, na uzuri wake ndio unaoufanya uongo huo umezeke.

Stormy Weather (1943), filamu ya waigizaji Weusi, ndiyo iliyompa nafasi ya mpenzi, mkabala na Lena Horne, akiwa anakaribia miaka 65. Kuchelewa huko ni hukumu juu ya Hollywood, si juu yake. Katika filamu hiyo hiyo, ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wanashuka ngazi kwa kurukana, wakitua huku wametanua miguu kabisa. Juu ya ngazi hiyo hakuna bwana anayengoja wala mtoto wa kulazwa. Ngazi imekuwa mali ya wachezaji.

Robinson alifariki mwaka 1949. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Robinson ni kusomwa kikamilifu: nafasi alizopewa zilaumiwe, na alichokifanya ndani yake kitambuliwe.