Mtunzi Anapofumbua Fumbo Lake

Mpenzi wa ushairi wa mwambao hahitaji kufundishwa thamani ya fumbo, amelelewa nalo. Akisikia wimbo wa taarabu unaomsema mtu bila ya kumtaja, anajua kuwa raha yake imo katika ile nafasi aliyoachiwa msikilizaji atambue mwenyewe. Anajua pia kuwa mtunzi akisimama kesho hadharani na kusema alimkusudia fulani bin fulani, wimbo utakuwa umepungukiwa. Hoja hii tumezoea kuijadili katika mashairi. Hapa nataka kuipeleka kwenye fani ambayo wengi wetu bado twaiita katuni tu, nayo ni riwaya ya picha, na kwa mtunzi mmoja aliyekizungumzia kitabu chake kwa miaka mingi kuliko aliyotumia kukichora. Mtunzi huyo ni Art Spiegelman wa Marekani, na kitabu ni Maus.

Kwa wasiokijua, Maus ni neno la Kijerumani lenye maana ya panya. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1986 na ya pili 1991, na mwaka 1992 kitabu kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Ndani yake mna hadithi mbili zilizosukwa pamoja. Ya kwanza ni ya Vladek na Anja, Wayahudi wa Poland walionusurika katika kambi ya Auschwitz. Ya pili ni ya mwana wao Art, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1948 na kukulia New York, ambaye humwendea baba yake mzee, mgonjwa na mgumu wa tabia, akiwa na kinasa sauti, amsimulie yaliyopita. Mama hayupo: Anja alijiua mwaka 1968. Wayahudi wamechorwa kwa sura za panya, Wajerumani paka, Wapoland nguruwe, Wamarekani mbwa.

Sisi hatushangazwi na wanyama wenye kusema. Tumemjua sungura na fisi kabla ya kujua kusoma, na wazee wetu walizisoma hekima za Kalila na Dimna. Lakini sungura wetu ni tabia, wala si kabila. Ni mjanja popote aendapo, na anayemsikiliza hujiona yeye ndiye sungura, hata akiwa fisi wa mtaa mzima. Spiegelman amefanya jambo la hatari zaidi, kwani amewapa watu sura ya mnyama kwa mujibu wa taifa walilozaliwa. Na hakulibuni mwenyewe. Wanazi walikwisha kuwafananisha Wayahudi na panya, mathalani katika filamu ya propaganda ya mwaka 1940 iliyoitwa Myahudi wa Milele. Kiingereza hutenga panya mdogo wa nyumbani na yule mkubwa wa mitaroni, na Spiegelman aliutumia mwanya huo: Wanazi walionyesha yule wa mitaroni, yeye akachora yule mdogo. Kiswahili chetu hakimpi mwanya huo. Wote ni panya, ukipenda utaongeza buku. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hulipata tusi lile likiwa zima, bila ya kupozwa.

Haya Spiegelman ameyaeleza mwenyewe, mara nyingi, na mwaka 2011 alitoa kitabu kizima cha maelezo, MetaMaus, kilichojengwa juu ya mazungumzo yake na mhakiki Hillary Chute. Kitabu kimepangwa kwa maswali matatu aliyochoka kuulizwa: kwa nini Maangamizi, kwa nini panya, na kwa nini katuni. Alitumai kuwa akiyajibu mara moja kwa ukamilifu ataachwa apumzike. Hakuachwa. Hata hivyo kitabu hicho ni mfano mzuri kwa anayetaka kupima ni wakati gani maneno ya mtunzi yanakifaa kitabu chake na ni wakati gani yanakipunja.

Tuanze na yanapopunja. Nguruwe. Wapoland wengi walichukizwa kuchorwa hivyo, na tafsiri ya Kipoland ilipotoka mwaka 2001 palikuwa na maandamano. Katika maelezo yake Spiegelman husema kuwa alitaka mnyama asiyekuwamo katika uhasama wa paka na panya, kwani nguruwe hawindwi na paka wala hamwindi panya, na kwamba katuni za Marekani zimejaa nguruwe wapendwao na watoto. Maelezo haya yana mantiki, lakini mimi hayanikinaishi. Mchoro ukishatoka mkononi hauendi na mkalimani. Msomaji wa Krakow hakulelewa na katuni za Marekani, na msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa jina la nguruwe lina uzito gani mtu akiitwa nalo. Anapojitetea hivi, mtunzi hutuomba tusome nia yake badala ya ukurasa wake.

Na ajabu ni kwamba ukurasa unajitetea vizuri kuliko yeye. Vladek na Anja wanapojificha mitaani wakijifanya Wapoland, Spiegelman anawavisha barakoa za nguruwe, na kamba za barakoa zinaonekana wazi kisogoni. Vladek anapita bila ya kushukiwa. Lakini mchoro mmoja unamwonyesha Anja akitembea na barakoa yake huku mkia wa panya, mrefu, ukiburura nyuma. Hakuna neno linaloutaja mkia huo. Msomaji anauona, moyo unamruka, na papo hapo anafahamu kuwa sura zote za kitabu hiki, za paka na za nguruwe vile vile, ni barakoa zilizofungwa kwa kamba na watu wengine. Hiyo ndiyo hoja yote ya kitabu juu ya taifa na damu, nayo imesemwa kwa mkia. Mshairi angeiita kinaya. Laiti Spiegelman, kila alipoulizwa habari za nguruwe, angeufungua ukurasa huo akanyamaza.

Sasa tutazame yanapofaa. Katika juzuu ya pili Art anamwuliza baba yake habari za bendi ya muziki iliyopigishwa Auschwitz wafungwa walipokuwa wakitolewa kwenda kazini. Bendi hiyo imethibitishwa na nyaraka. Vladek haikumbuki, anakumbuka kupiga mguu tu, na sauti za walinzi. Mwana afanye nini? Amtii baba au aitii historia? Spiegelman kwanza amechora bendi, kisha katika mchoro unaofuata amewapitisha wafungwa mbele yake, safu kwa safu, hata bendi ikafunikwa. Ukitazama kwa makini utaona ncha za ala zikichomoza juu ya vichwa. Kumbukumbu ya baba imeshika mbele, historia imebaki nyuma, na hakuna iliyofutwa. Nimewahi kusoma beti nyingi zenye kudai kusema mambo mawili kwa pumzi moja, lakini ni chache zilizofika hapa.

Mtunzi alipoyazungumza haya hadharani hakuitwisha picha maana mpya. Alieleza namna ilivyofanyika. MetaMaus imejaa mambo ya aina hiyo: michoro ya awali iliyokataliwa, picha za familia, nyaraka, hata sauti ya Vladek katika diski iliyoambatanishwa na kitabu. Hapo twajua kuwa kurasa zilichorwa kwa ukubwa ule ule zilivyochapwa, ilhali desturi ya wachoraji ni kuchora kwa ukubwa zaidi kisha kupunguza, ili mistari itakate. Spiegelman alitaka mstari ubaki na mtetemo wa mkono, kama barua au shajara. Nilipolijua hili nilirudi kitabuni, nikaona nilichokuwa nikikihisi bila ya jina, kwamba kurasa zile zinabana. Ni nyembamba, zimejaa maneno, na jicho halina pa kukimbilia.

Hapa naona mfano kutoka kwetu unaweza kutufaa. Beti nyingi za Muyaka bin Haji zimetufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyezikusanya na kumpa Mwingereza W. E. Taylor pamoja na maelezo ya matukio yaliyozizaa. Bila ya maelezo hayo beti kadhaa zingekuwa giza kwetu. Lakini angalia alichotupa Mwalimu Sikujua. Ametupa tukio, wala hakutupa maana. Ametwambia ni mgogoro upi na ugomvi upi, kisha akatuachia ubeti. Mtunzi anayezungumzia kazi yake hukifaa kitabu anapokuwa Sikujua wa nafsi yake, mtunza kumbukumbu wa kazi ile. Hukipunja anapojigeuza kadhi wa kutoa hukumu ya mwisho juu ya fumbo alilolifumba mwenyewe.

Wapo watunzi wa riwaya za picha walioiona hatari hii mapema. Joe Sacco, katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya mauaji ya mwaka 1956 huko Khan Younis na Rafah, ameweka nyaraka na mahojiano mwishoni mwa kitabu chenyewe, na ndani ya michoro amejichora kwa miwani isiyoonyesha macho. Marjane Satrapi wa Persepolis alikutwa na balaa la aina nyingine. Kila alipokwenda Ulaya na Marekani kuzungumzia kitabu, aligeuzwa balozi wa Iran nzima, ilhali alichoandika ni utoto wa msichana mmoja wa Tehran na wino mweusi usio na kijivu.

Spiegelman naye aliliona, na hii ndiyo sehemu ya Maus ninayoipenda kuliko zote. Juzuu ya kwanza ilipopata umaarufu, waandishi wa habari walimjia. Katika sura ya pili ya juzuu ya pili amejichora ameketi mezani, mtu kamili aliyevaa barakoa ya panya, na chini ya meza pana rundo la maiti. Waandishi wa habari na wafanyabiashara wanapanda juu ya maiti hizo kumfikia, kila mmoja na kinasa sauti au mkataba wake. Wanamwuliza kitabu kina ujumbe gani. Kila swali linapotoka yeye anapungua kimo, mpaka anakuwa mtoto mdogo kitini, analia. Kisha anakwenda, angali na kimo cha mtoto, kwa tabibu wake wa nafsi, Pavel, ambaye naye alinusurika Auschwitz. Miaka 20 kabla ya MetaMaus mtunzi alikwisha kutuonyesha gharama ya kuulizwa. Alijua pia kuwa waliolipa kwanza ni wale walio chini ya meza.

Basi kwa nini hakunyamaza? Jibu moja lilitoka jimbo la Tennessee. Tarehe 10 Januari 2022, bodi ya elimu ya wilaya ya McMinn iliamua kwa kura 10, bila ya kura hata moja ya kupinga, kuiondoa Maus katika masomo ya darasa la nane. Sababu zilizotajwa ni maneno machache ya matusi na picha ya mwanamke aliye uchi. Picha hiyo ni ndogo, ya hadithi fupi aliyoichora Spiegelman miaka ya mwanzo ya 1970 na kuipachika ndani ya Maus, nayo inaonyesha maiti ya mama yake ndani ya hodhi la kuogea, siku alipojiua. Spiegelman, mzee wa miaka 73, alitoka tena kuzungumza, akawakumbusha watu mwanamke yule ni nani. Sioni kuwa hapo alifumbua fumbo. Waliopiga kura waliona uchi wasione maiti, na aliyekuwa na haki ya kusema "huyo ni mama yangu" ni yeye peke yake. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi miezi ile, lakini darasani hakikurudi kwa sababu hiyo.

Na jambo lililobaki kuzungumzwa ni la huyo huyo mama. Anja aliandika shajara baada ya vita, akitumai mwanawe atazisoma. Baada ya kifo chake Vladek alizichoma moto. Art anapolijua hilo mwishoni mwa juzuu ya kwanza anamwita baba yake muuaji, kisha anaondoka zake. Maus yote, kwa hivyo, ni ushahidi wa mmoja kati ya wawili. Katika MetaMaus Spiegelman amechapisha mahojiano na wanawake waliomjua Anja, akiwauliza kama wanakumbuka aliyosema au aliyoandika. Wanakumbuka kidogo sana. Mtu aliyeweza kueleza kila mkia na kila kamba ya barakoa, hapa hana la kueleza, naye hakujaribu kulibuni. Ukurasa wa mwisho wa Maus una jiwe la kaburi lenye majina ya wazazi wake wote wawili. Chini yake, kama mtunzi wa utenzi atiavyo jina lake na mwaka katika beti za tamati, ametia sahihi: 1978 mpaka 1991.