Karakana Ndogo Chini ya Mlima Rungwe

Mtu anayekusudia kujenga karakana ya vyuma Tukuyu hana budi kwanza kufanya shauri na mvua, kwa kuwa katika nchi hii inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ambamo ukungu hushuka kutoka mlimani na kukaa juu ya mashamba ya chai kama mgeni asiyejua kuaga, feleji haina adui mkubwa kuliko unyevu. Tupa mpya iliyoachwa mezani bila kupakwa mafuta huanza kuwa nyekundu kabla juma halijaisha. Na anayeshika chuma kilichong'arishwa kwa kidole chenye jasho, asubuhi yake huikuta alama ya kidole hicho imechorwa kwa kutu, mistari yake yote ikisomeka. Ndiyo maana wengi waliojaribu kazi hii katika milima yetu waliiacha wakidhani mikono yao haikujaaliwa, ilhali ila ilikuwa katika paa la nyumba.

Sanaa ninayokusudia kuisifu ni ile ya kuunda mitambo midogo inayofanya kazi kwa hakika, injini za mvuke, magarimoshi, pampu na mashine za kila namna, kwa kipimo cha sehemu ya nane au ya kumi ya ukubwa wa asili, nyumbani, kwa saa za jioni, bila ya mwajiri wala mnunuzi. Uingereza sanaa hii imekuwa na jarida lake tangu mwaka 1898, Percival Marshall alipoanzisha Model Engineer mjini London, na mwaka huohuo wapenzi wake wakaunda chama. Kwetu haina jarida wala chama, walakini si ngeni. Watoto wa pwani huunda ngalawa ndogo zenye tanga na kuzishindanisha majini, na watoto wa Rungwe, kama wenzao wa bara yote, hupinda waya wakapata lori lenye magurudumu ya ndala zilizochakaa na usukani mrefu unaogeuza magurudumu ya mbele kwelikweli. Mtoto aliyeufanya usukani ule ugeuze amekwisha kuwa mhandisi, maana ameelewa namna mwendo wa mkono unavyohamishwa kutoka waya hadi waya mpaka ukafika unakotakiwa. Masikitiko yangu ni kwamba sisi wazazi humwondoa katika elimu hiyo mara tu anapoanza kupevuka, tukimwambia kuwa michezo imekwisha, akashike vitabu. Kana kwamba vitabu vya hisabati anavyokwenda kuvishika vinazungumza habari nyingine.

Wala ufundi wa chuma wenyewe haukuletwa Rungwe na meli. Kabla ya majembe ya dukani, wahunzi wa Kikinga walishuka kutoka milima ya Livingstone wakiwa na majembe na mikuki waliyoifua wenyewe, wakaja kubadilishana na Wanyakyusa kwa chakula, na jembe la Mkinga lilikuwa na thamani iliyojulikana katika kila kijiji cha bonde. Tofauti ya mhunzi yule na fundi ninayemsema ni kwamba jembe lilikuwa na mlaji, nalo lilipimwa kwa shamba. Injini ndogo haina shamba la kupimiwa, hupimwa kwa ukweli wake tu.

Basi tujenge chumba. Kuta za matofali ya kuchoma zatosha, na sakafu ya saruji ni lazima, kwani udongo hupumua maji usiku kucha. Paa la bati bila dari ni balaa: alfajiri yenye baridi bati hutoa jasho kwa ndani, na matone huangukia mitambo pasipo mtu kujua mvua hiyo ya ndani ilinyesha saa ngapi. Dari ya mbao huliondoa dhara hilo. Dirisha kubwa na lielekee kusini, upande wa Kyela na Ziwa Nyasa, na mlima uwe mgongoni. Kwa kuwa sisi tupo kusini ya ikweta, jua hukaa upande wa kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, na miezi linapohamia kusini ndiyo miezi ya mawingu, hivyo mwanga wa dirisha hilo ni laini na wa wastani, hautupi vivuli vikali vya kudanganya jicho linaposoma mistari ya rula.

Juu ya dawa ya kutu nitasema neno moja tu, grisi, nami nitaleta ushahidi wa meli. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika makasha hadi Kigoma na kuunganishwa upya huko. Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo yake grisi nene, kwa matumaini ya kuirudia. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado ni mitambo, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikiwa grisi iliweza kuilinda injini ya meli chini ya ziwa kwa miaka 8, itashindwaje kulinda tupa katika sanduku la mbao Tukuyu?

Wanaoanza hutamani kwanza mashine ya kukereza, na wenye fedha huiagiza Dar es Salaam kabla hawajajua kushika msumeno. Mimi naona huo ni israfu. Kitu cha kwanza ni jiliwa, nzito, iliyokazwa kwa bolti juu ya mguu wa meza na si katikati ya ubao, midomo yake ikiwa sawa na kiwiko cha mwenye kuitumia anaposimama wima. Ikiwa chini kuliko hapo mgongo utauma, ikiwa juu tupa itapanda na kushuka. Baada ya jiliwa ni tupa mbili, ya meno makubwa na ya meno laini, msumeno wa chuma, kekee, bikari, na rula ya feleji. Malighafi hayahitaji safari ndefu. Wauza skrepa wana shaba njano katika mabomba mabovu ya maji, wana shaba nyekundu katika mishipa ya majokofu yaliyokufa, na ndani ya kila printa iliyotupwa na ofisi mna fito za feleji zilizonyooka na kusuguliwa kwa usahihi ambao fundi wa nyumbani hangeweza kuupata kwa mwezi mzima wa kazi.

Injini ya kuanzia ni ile ambayo silinda yake huyumba. Haina vali; silinda hutikisika juu ya mhimili wake, na tundu lake hufunua njia ya mvuke kuingia upande huu na njia ya kutoka upande ule. Siri yake yote imo katika nyuso mbili zinazosuguana, uso wa silinda na uso wa nguzo inayoishikilia. Nyuso hizo zisipokuwa tambarare mvuke huvuja na injini haigeuki, hata ikipakwa rangi ya kupendeza namna gani.

Na hapa ndipo ninapoona utukufu wa sanaa hii. Chukua kipande cha kioo kinene kisicho na mikwaruzo. Changanya masizi ya kibatari na tone la mafuta ya cherehani, ukipake kioo utando mwembamba ambao hauonekani ila kwa kuinamisha kichwa. Laza juu yake uso ulioupiga tupa, uusogeze kidogo mbele na nyuma bila kuukandamiza, kisha uinue utazame. Palipopata weusi ndipo palipoinuka. Aghalabu doa la kwanza huwa katikati, kwa sababu mkono usiozoea huipembeza tupa, ikala kingo na kuacha tumbo. Futa, paka chaki katika meno ya tupa laini ili vumbi la shaba lisigande humo, ondoa pale peusi peke yake, rudi kwenye kioo. Doa moja litakuwa mawili, mawili yatakuwa saba, na baada ya jioni kadhaa uso mzima utatapakaa vidoa vidogo vilivyo sawa, na ukiuweka juu ya mwenzake kwa tone la mafuta utauona unashikamana nao hata kuunyanyua ni taabu. Hakuna cheo, ukoo wala umri unaoweza kulishawishi doa lile jeusi lihame. Nimejua watu wazima, wenye sauti katika mabaraza, walionyamaza mbele ya kipande cha kioo, na nikawapenda zaidi kwa kunyamaza kwao.

Mzee mmoja jirani alifika injini ya namna hiyo ilipokuwa ikizunguka mezani. Baada ya maamkizi aliniuliza, "Mwanangu, hii inasaga mahindi?" Nikamjibu, "La, tata, haisagi." "Inavuta maji?" "Haivuti." Akaitazama hadi mvuke ulipoisha na gurudumu likasimama, akavuta kiti, akasema, "Basi iwashe tena."

Boila isifanywe kwa kopo. Ifanywe kwa shaba nyekundu iliyolehemiwa kwa fedha, maana risasi ya kulehemia huyeyuka mapema, iwe na vali ya usalama, na ijaribiwe kwanza kwa maji baridi kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi, kwa kuwa maji baridi yakiipasua hayatupi vipande usoni pa mtu. Mpenda mambo atafurahi pia kujua kwamba katika mwinuko wa Tukuyu maji ya sufuria iliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95, si 100.

Aliyemaliza injini mbili au tatu sasa na atafute mashine ya kukereza, na akiwa nayo, nina kazi ya kumpa. Mwaka 1955 na 1956 shirika la reli la Afrika Mashariki lilipokea kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester magarimoshi 34 ya daraja la 59, ya namna ya Garratt, boila moja ikining'inia baina ya injini mbili, kila garimoshi likiwa na uzito wa tani 252, yakichoma mafuta mazito na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Yalipewa majina ya milima, na nambari 5916 iliitwa Mount Rungwe. Garimoshi hilo halikuuona kamwe mlima uliolipa jina. Reli haikufika Tukuyu, na TAZARA ilipokamilika na kupita Mbeya ilikuwa reli nyingine, yenye upana wa milimita 1,067, ya injini za dizeli, wakati ile ya kwetu ya zamani ilikuwa ya mita moja kamili. Mita moja ikigawanywa kwa nane ni milimita 125, na wapenzi wa sanaa hii duniani wana reli yao mashuhuri ya inchi tano, yaani milimita 127. Hesabu imekaribia kujipanga yenyewe. Kwa kipimo hicho Mount Rungwe itakuwa na urefu wa karibu mita nne, na uzito wake, ambao hugawanywa kwa 512, hautazidi nusu tani sana wala kuipungukia sana. Ni kazi ya miaka, pengine ya ndugu wawili, au ya walimu na wanafunzi wa chuo cha ufundi.

Namba 5916 yenyewe haikuhifadhiwa. Dada zake wawili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, wamo katika jumba la makumbusho ya reli la Nairobi. Kijana wa Tukuyu mwenye futi kamba, daftari na idhini ya wenyeji aweza kwenda kuwapima, na atakaporudi na vipimo vyake asimngoje mfadhili: jiliwa na tupa zinauzwa Mbeya.