Vijiti Viwili na Watu Ishirini

Hesabu moja hadi kumi na sita, kwa mwendo wa mtu anayerudi sokoni bila haraka, na kila ukifika kwenye moja, nne, saba, kumi na moja na kumi na tatu, gonga meza. Ukimaliza usisimame, anza tena. Nilipojaribu mara ya kwanza nilidhani ni mchezo wa watoto. Siku ya tatu nyumbani waliniomba nihamie barazani, maana nilikuwa nagonga sahani, kikombe na mlango wa friji, na bado ile saba ilikuwa inanichenga.

Mapigo hayo matano ndiyo klave. Huko Kuba hupigwa kwa vijiti viwili vya mti mgumu, kimoja kimelazwa juu ya vidole, kingine kikigonga. Mitindo ya son, mambo na ile salsa ya New York yote imesimama juu yake, na ajabu ni kwamba mara nyingi vijiti vyenyewe huvisikii. Hakuna aliyevishika. Kila mpigaji anavyo kichwani, na anategemea kwamba jirani yake anavyo pia.

Aliyelelewa na mashairi yetu hatashangaa sana. Mshororo wa mizani 16 nao umekatwa katikati, nane za ukwapi na nane za utao, na manju anayeghani hahesabu kwa vidole. Ukizidisha silabi moja, sikio linajikwaa kabla akili haijajua limejikwaa wapi, na wazee wana jina la shairi la namna hiyo: guni. Klave nayo ina hesabu 16, nane kwa nane. Upande mmoja una mapigo matatu, wa pili una mawili. Wa matatu unauliza, wa mawili unajibu. Wimbo unaweza kuanzia upande wowote, lakini ukishaanza huna ruhusa ya kugeuza njiani. Tarumbeta zikiingia na kauli yenye uzito wa matatu wakati klave iko kwenye mawili, wimbo umekuwa guni, hata kama kila noti ni sahihi. Mcheza dansi ataujua kwa miguu kabla mhakiki hajaujua kwa kalamu.

Sasa mchukue mtu mmoja umpe kazi hii: waandikie watu 20. Saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, piano, besi, dramu, wapiga ngoma watatu na mwimbaji. Kila mmoja apate karatasi yake, kila karatasi iwe na mambo yake, na ya wote yakae juu ya vijiti viwili ambavyo hakuna anayevipiga. Kiswahili kinamwita mtu huyu mpangaji, neno lile lile la anayelipa kodi ya chumba, nami sioni kosa. Mtunzi ndiye mwenye nyumba, jina lake liko mlangoni. Mpangaji huingia na vyombo vyake, akaamua kitanda kikae wapi na taa itundikwe wapi, na siku akihama wapita njia hawajui kama aliwahi kuishi humo. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Nilimfikia kupitia jina la nchi jirani. Desemba 1957, jijini New York, bendi ya Machito na Afro-Cubans wake iliingia studio kurekodi albamu kwa ajili ya kampuni ya Roulette. Albamu iliitwa *Kenya*. Mwezi huo Kenya yenyewe ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na Jomo Kenyatta alikuwa kifungoni Lokitaung. Wimbo mmoja wa albamu hiyo unaitwa "Congo Mulence". Kongo nayo ilikuwa bado ya Wabelgiji. Sitaki kuyapa majina hayo siasa nzito kuliko yanavyoweza kubeba. Miaka ile wanamuziki wengi wa Marekani waliokota majina ya Afrika kama watu wanaookota kokoto nzuri ufukweni. Lakini bendi hii ilikuwa na haki kidogo zaidi ya kuyaokota. Ilipoundwa mwaka 1940, enzi ambayo okestra nyingi za Kilatini zilipenda kuuza minazi na mashati ya mikono ya mawimbi, yenyewe iliweka Afrika mbele kabisa katika jina lake.

Machito, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Grillo, aliimba na kutikisa manyanga. Akili ya bendi ilikuwa shemeji yake, Mario Bauzá, mpiga tarumbeta kutoka Havana aliyemwoa Estela, dada yake Machito. Bauzá alikuwa amepita kwenye bendi ya Chick Webb na ya Cab Calloway, akajifunza jinsi Wamarekani weusi wanavyozisuka tarumbeta na saksafoni, kisha akajiuliza kwa nini ususi huo usikae juu ya ngoma za kwao. Mwaka 1943 jibu likatoka, wimbo uitwao "Tanga", ambao wengi huutaja kuwa jazi ya kwanza ya Kiafro-Kuba. Mtu wa pwani ya kaskazini ya Tanzania akilisikia jina hilo ataruka kwenye kiti. Akae tu, halihusiani na mji wake.

Katika *Kenya* wapo wapigaji ambao wenyewe wangetosha kujaza insha. Cannonball Adderley yuko kwenye saksafoni, miaka miwili kabla hajasikika na Miles Davis katika *Kind of Blue*. Joe Newman na Doc Cheatham wako kwenye tarumbeta, na kwenye ngoma Cándido Camero, Patato Valdés, José Mangual na Uba Nieto. Mimi, hata hivyo, jicho langu lilikwama kwenye jina dogo la mpangaji: A. K. Salim. Jina ambalo ukiliita kwa sauti mtaa wowote wa Mombasa au Zanzibar watageuka watu watatu. Alizaliwa Chicago akiitwa Albert Atkinson, akapiga saksafoni, akasilimu na kuwa Ahmad Khatab Salim, na mwishowe kalamu ikaishinda nguvu saksafoni. "Congo Mulence" ni yake. Wenzake wa kalamu walikuwa Bauzá mwenyewe na René Hernández, mpiga piano wa bendi, Mkuba ambaye nadhani anastahili sanamu mahali fulani.

Sikiliza wanavyofanya. Besi haikanyagi pigo la kwanza. Inatangulia, inafika nusu hatua kabla, kama mwenyeji anayefungua mlango ukiwa bado unakohoa ili ubishe hodi. Piano inazungusha kauli fupi isiyoisha, mkono wa kulia na wa kushoto wakisema jambo lile lile. Mpiga timbales anagonga ubavu wa ngoma yake, ile bati, badala ya ngozi, wakati mwimbaji anaimba. Nafasi ya ngozi itafika. Kisha wimbo unafika kwenye kizingiti na mambo yanabadilika: mpiga bongo anaweka bongo chini na kushika kengele, sauti ya kengele inakuja nzito na wazi, na bendi nzima inapanda ngazi moja bila kuongeza mwendo.

Wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa sehemu hiyo. Sisi huiita chemko. Maneno yameisha, mwimbaji anasogea pembeni, sufuria inaanza kuchemka. Tofauti ni kwamba kwetu anayekoleza moto ni magitaa, na wapulizaji hujibu. Kwao moto ni wa wapulizaji wenyewe. Tromboni zinaanza kauli ya chini, fupi, zinairudia mara nne. Saksafoni zinaweka ya kwao juu yake, zikijaza mapengo tu. Halafu tarumbeta zinakuja juu kabisa. Kauli tatu, kila moja nyepesi kiasi kwamba mtoto angeiimba, na hakuna inayomkanyaga mwenzake kwa sababu mpangaji ameipa kila moja upande wake wa klave. Hapo ndipo unapomwona, japo hayupo jukwaani. Ustadi wake uko kwenye matundu aliyoacha. Mpangaji mchanga hujaza karatasi. Aliyekomaa huandika kimya kwa ajili ya watu 12 ili ngoma moja isikike.

Haya hayakufika kwetu kwa bahati tu. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza barani Afrika sahani za santuri zenye alama ya GV, nyingi zikiwa za Kuba, na vijana wa miji ya pwani na bara walizisikiliza mpaka zikalika. Morogoro, Salum Abdallah alianzisha bendi, na katika miaka ya 1950 ikajulikana kama Cuban Marimba. Alikufa mwaka 1965 kabla hajafika Kuba. Lakini Kuba ilikuwa imeshafika mdomoni mwetu: ile ngoma ndefu ambayo New York wanaiita konga, mpigaji wetu wa dansi anaiita tumba, na Havana ni tumbadora. Tumba ni mtoto wa nyumba ile, aliyerudi kwa bibi yake akiwa na jina la mjini.

Bendi ya watu 20 ni mzigo. Enzi za Palladium, ule ukumbi wa Broadway na mtaa wa 53, tiketi za wacheza dansi zililipa mishahara. Ukumbi ulifungwa mwaka 1966, na tangu hapo bendi kubwa ya Kilatini imekuwa kama shamba la minazi: mwenyewe anaambiwa kila mwaka aling'oe apande kitu kinacholipa. Bauzá hakung'oa. Alipokuwa mzee sana, ni lebo ndogo ya Ujerumani, Messidor, iliyomwingiza studio na bendi yake mwenyewe. Mojawapo ya albamu alizorekodi huko inaitwa *944 Columbus*, na hiyo ni anwani ya nyumba yake. Alifariki Julai 1993, na albamu ikatoka bila yeye. Sijui kama kuna jina la albamu lenye adabu kuliko hilo. Anayetaka kujua nilikoishi, ni hapa.

Kwenye dramu za bendi hiyo ya Bauzá alikaa kijana wa South Bronx mwenye asili ya Puerto Rico, Bobby Sanabria, ambaye leo anaongoza bendi kubwa iitwayo Multiverse na kutoa albamu zake kupitia Jazzheads, lebo ndogo ya New York. Nina ugomvi naye mdogo. Anapenda alama za mshangao tatu kwenye majina ya albamu, na mara nyingine hujaza wimbo mmoja mambo ya nyimbo tatu. Lakini mwaka 2011, waandaaji wa tuzo za Grammy walipopunguza vipengele kutoka 109 hadi 78 na jazi ya Kilatini ikatupwa nje, yeye alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliokwenda mahakamani. Kesi haikufua dafu, kelele zilifua. Mwaka uliofuata kipengele kikarudishwa. Na mwanzoni mwa 2019 tuzo yenyewe ya kipengele hicho ilichukuliwa na bendi kubwa ya Dafnis Prieto, mpiga dramu kutoka Kuba, kwa albamu aliyoitoa kwa lebo yake mwenyewe. Sanabria alikuwa kwenye orodha ile ile ya wagombea, akashindwa na mwenzake wa njaa moja.

Albamu aliyogombea nayo ni *West Side Story Reimagined*, iliyorekodiwa mbele ya watu katika klabu ya Dizzy's, Novemba 2017. Leonard Bernstein, mtunzi wa *West Side Story* ya kwanza, aliazima mdundo wa mambo kwa ajili ya mchezo huo wa jukwaani mwaka 1957. Sanabria na wapangaji wake wakaenda kudai chombo chao baada ya miaka 60, wakakirudisha kikiwa kimepigwa msasa. Kimbunga Maria kilikuwa kimeipiga Puerto Rico miezi miwili kabla, na sehemu ya mapato ilitengwa kusaidia wanamuziki wa kisiwani. Huko kurekodi mbele ya watu nakuthamini kuliko studio. Studio inaweza kumtenga kila mpigaji kwenye kibanda chake na kumrekebisha baadaye. Mbele ya watu, klave ikipinda imepinda, na wewe nyumbani utasikia. Bendi zetu zilizorekodiwa Radio Tanzania, wote chumba kimoja, zilikuwa na ujasiri huo huo bila kuuchagua.

Mwaka 1957 ndio pia aliozaliwa Sanabria. Labda ndiyo maana aliwapa wanafunzi wake wa Manhattan School of Music albamu nzima ya *Kenya* waipige upya jukwaani, na rekodi ikatoka mwaka 2009 kama *Kenya Revisited Live!!!*, mishangao mitatu ikiwa mahali pake. Nimezisikiliza zote mbili kwa kufuatana, usiku, kwa spika za sikioni ili nisifukuzwe barazani tena. Wanafunzi wanapiga kwa kasi ya watu wanaoogopa kuchelewa. Tarumbeta zao ni safi kuliko za 1957, na kwa sababu hiyo hazitishi vilevile.

Lakini kwenye tumba walimwalika mgeni, Cándido Camero mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye zile za mwaka 1957 na wakati huo alikuwa ameshavuka miaka 80. Anapoingia unasikia vijana wakipunguza presha, mmoja baada ya mwingine, mpaka besi inaanza kufungua mlango kwa wakati wake. Nilijikuta nagonga kwenye paja. Moja, nne, saba. Ile saba ilikaa.